Jina la Mama Mkwe Linauzwa

Jina lenyewe sitalitaja. Si kwamba naogopa kesi. Kwa watu wa mume wangu, mke wa mtoto hataji jina la mama mkwe, hata nyumba ikiwaka moto na yeye yuko ndani amelala. Unamwita mama, unapiga makofi mlangoni, unakohoa mpaka ageuke. Nimekaa mtaa wa Hai Malakal miaka mitano katika ua mmoja na yule mama, na jina lake la usichana halijawahi kupita kinywani mwangu. Vidoleni, hilo limepita mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Vidole havikukatazwa. Waliotunga mwiko hawakuwa na simu.

Nimelichapa nikiwa na mimba. Nimelichapa huku nanyonyesha, mtoto ananing'ata. Jina lake, herufi ndogo, bila nafasi, halafu nukta, halafu kom. Hilo ndilo lilikuwa duka letu.

Tuliuza milaya. Kwa asiyejua, milaya ni shuka la kitanda linalotariziwa kwa mkono, maua, tausi, korongo wawili wanatazamana, na pindo lake linafumwa kwa uzi mpaka macho yaume. Bibi harusi wa huku haingii nyumba yake bila milaya. Mama mkwe alizishona tangu ukimbizini Uganda, na waliporudi akawafundisha wanawake wa Gumbo, ng'ambo ya daraja, na kila shuka linalotoka mikononi mwao linaitwa kwa jina lake. Mtu hasemi nataka milaya. Anasema nataka ile ya fulani. Kwa hiyo nilipowaambia tuwauzie watu wetu walioko Australia na Kanada, wale wanaolia wakiona hata kijiko cha nyumbani, jina la duka halikuhitaji kikao. Tulimwambia tu mama kwamba jina lake litaingia kwenye simu. Akacheka, akasema, "Liingie. Na mimi nitabaki nje nashona."

Sasa sikilizeni kosa langu, maana nimeshamaliza kulia juu yake na naweza kulisema kwa ukavu.

Siku ya kulichukua lile jina, mtu aliyekuwa na kadi ya benki katika ua wetu ni mmoja, ndugu mdogo wa mume wangu. Wakati huo alikuwa mtunza stoo wa shirika fulani la misaada. Mume wangu yuko kwenye visima vya mafuta huko kaskazini, anakuja mara mbili kwa mwaka, anakula, anarudi. Nikampa shemeji pesa taslimu mkononi, yeye akaingiza kadi. Fomu ikauliza mwenye jina ni nani. Akaniuliza, "Shemeji, niandike nani?" Nami, msichana wa kidato cha nne, niliyesoma Nakuru mpaka nikapewa cheti, nikajibu, "Andika lako. Wewe ndiye una kitambulisho."

Hakuna aliyenilazimisha. Katika ua ule kila karatasi ina jina la mwanamume. Kiwanja, jenereta, hata laini ya simu ya mama mkwe imesajiliwa kwa jina la mtoto wake. Niliona ni kawaida, kama kuvua viatu mlangoni. Barua pepe yake, namba yake, jina lake. Kila mwaka nampa pesa ya kulipia tena, naye analipa. Miaka minne hivyo.

Kisha Jumanne moja asubuhi nafua nguo, simu ikalia. Mteja wangu wa Australia, mwanamke wa kutaniana sana, ameandika: "Dada, mmefilisika mkanificha?" Chini yake picha. Pale palipokuwa na korongo zetu palikuwa peupe, na herufi kubwa za Kiingereza: jina hili linauzwa, toa ofa yako. Pembeni matangazo ya magodoro.

Nilikimbia na povu mikononi. Na nilimkimbilia nani? Shemeji. Nilimkimbilia mwizi kumwambia tumeibiwa.

Alikuwa chini ya rakuba, kile kivuli chetu cha nyasi na miti, ananawa miguu kwenye beseni. Kazi ya shirika ilikuwa imeisha miezi kadhaa nyuma na siku hizo alinawa miguu sana.

"Shemeji, tovuti imeibiwa!"

"Nani ameiba? Kaa chini, utaanguka. Hakuna mwizi. Mimi ndio nimeweka hiyo."

"Umeweka nini?"

"Nimeweka jina kwa soko. Iko soko ya majina, hujui? Watu nauza majina kama shamba." Kiswahili chake ni cha kambi za Uganda, hakijali ngeli. "Nimeangalia video. Hii jina iko fupi, iko muzuri, inaisha na kom. Kom ndio kichwa. Zile zingine ni mikia."

"Hilo jina ni letu."

"Letu iko kwa daftari gani?" Akafuta kidole kwenye suruali, akanionyesha simu. "Soma. Wewe si ulisoma Kenya? Soma kwa sauti."

Nikasoma. Mwenye jina: yeye.

"Basi. Mimi iko mwenye jina. Wewe iko nani? Wewe iko mutu ya kuleta pesa." Akarudisha miguu kwenye beseni. "Malesh, pole, shemeji. Nitakukatia kidogo. Utanunulia mtoto viatu."

Binti yangu, ambaye hakuwa na viatu siku hiyo kwa sababu alikuwa amevitupa mwenyewe chooni, alikuwa anacheza na sabuni. Nilimbeba nikaondoka. Ningebaki ningempiga shemeji na beseni, na beseni lilikuwa langu.

Kuna mwalimu wa kompyuta hapo mtaani, mwanamke aliyekulia Eldoret, ana chumba kimoja na mashine sita na ulimi wa wembe. Nilimweleza kila kitu. Akanisikiliza huku anakula njugu.

"Wewe," akasema, "jina ndiyo shida yako ya pili. Ya kwanza ni kichwa."

"Nitukane, ukimaliza unisaidie."

"Nikimaliza? Hiyo itachukua wiki." Akasogeza kiti. "Haya. Lile jina hujawahi kulinunua. Hakuna anayenunua. Linakodishwa, mwaka baada ya mwaka. Anayelikodisha anaitwa msajili. Anayeandikwa kwenye daftari la msajili ndiye mwenye jina, na huyo ni shemeji yako. Anayetoa pesa haandikwi mahali. Ungeweza kutoa pesa miaka mia."

"Na picha zangu? Na bei? Kazi yote niliyoweka pale?"

"Hizo ziko salama, ziko kwenye chumba kingine ulichokodi. Hakuchukua duka. Alichukua kibao cha mlangoni, akakiweka barabarani kinaelekeza watu kwa magodoro. Hiyo wanaita kuegesha jina. Limesimama halifanyi kazi, linangoja mnunuzi."

Nilimuuliza kama naweza kulihamisha kwa nguvu. Akacheka njugu zikamtoka. Kuna kufuli, akasema, na ufunguo uko kwa mwenye jina. Akifungua, msajili anampa neno la siri la kuhama. Atakayepewa hilo neno amebeba jina, mchana kweupe, na hakuna wa kumshtaki.

Kisha akaangalia tarehe. Akaweka njugu chini, na yule mwanamke kuacha njugu ni habari kubwa.

"Mwaka wake unaisha wiki tatu zijazo," akasema. "Nani atalipa?"

"Mimi ndiye humpa."

"Mwaka huu usimpe."

Akanieleza, na nilimwomba arudie mara tatu mpaka nikaweza kulisema kama sala. Jina lisipolipiwa halifi siku hiyo. Kwanza kuna siku za huruma, mwezi na nusu hivi, mwenye jina akilipa anarudishiwa kama vile hakukosa. Zikiisha, kuna siku za ukombozi, mwezi mwingine, anaweza kulipata lakini kwa faini ya kuumiza. Zikiisha hizo, siku tano ambazo hata yeye hawezi kuligusa, linangoja kufutwa. Halafu linaanguka.

"Linaanguka wapi?"

"Sokoni. Na huko chini kuna mashine zimeachama midomo, za watu ambao hawalali. Kwa hiyo unaweka nafasi mapema kwa wale wadakaji, wakudakie wewe. Tutatumia kadi yangu. Lakini kabla ya hapo asiliuze, na asilipie. Miezi mitatu hivi. Wewe unaweza kunyamaza miezi mitatu?"

"Mimi?"

Tulicheka wote wawili. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka nimecheka bila ubaya ndani yake.

Maana mnunuzi alikuwepo tayari. Shemeji alinitangazia mwenyewe, amevimba: mtu wa vitambaa, sijui wapi huko, ametoa ofa. Ofa ndogo lakini ya kweli. Akikubali, nimekwisha. Hapo ndipo nilipomzaa mzee wangu wa Kanada.

Nilifungua barua pepe mpya. Nikampa mzee wangu duka la mashuka, tabia nzuri na Kiingereza cha kanisani. Akaandika kupitia lile soko kwamba jina limemgusa moyo, na akataja bei iliyomzidi mtu wa vitambaa mara tatu. Shemeji alipiga yowe mpaka kuku wakapanda ukuta. Mtu wa vitambaa akaambiwa aende zake, akaenda. Mnunuzi wa kweli akafukuzwa kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa mimi, nimekaa jikoni nachambua mboga.

Na mnajua nani aliandika majibu ya shemeji? Aliishia darasa la sita. Kiingereza cha biashara kilimshinda siku ya pili.

"Shemeji," akaja, mpole kama mtu anayeomba chumvi, "huyu khawaja, muzungu ya Kanada, nasema nini hapa?"

"Anasema jina ni zuri, ila bei yako imemshtua."

"Mwambie aongeze."

"Nimwambie kwa adabu au bila adabu?"

"Bila adabu kabisa. Hawa watu naheshimu mutu mukali."

Nikaandika bila adabu. Niliandika barua ya kijeuri sana kwa mzee wangu, na mtoto alipolala mchana nikakaa na kumjibu shemeji kwa upole, kwa niaba ya mzee, kwamba anaomba siku kumi za kufikiria. Baada ya siku kumi mzee akaomba jina likadiriwe thamani na mtu asiyeegemea upande wowote. Baadaye akaumwa mgongo. Baadaye akaomba mtu wa kati: kwamba pesa zikae kwa kampuni isiyo ya huyu wala yule, jina likishahama salama ndipo shemeji alipwe.

Nilidhani hilo litamtisha. Lilimfurahisha kuliko yote.

"Hii ni posa!" akapiga paja. "Mama, sikia! Hii biashara iko kama ya kuoa. Mutu ya kati nakaa na ng'ombe mpaka pande mbili nakubali. Hii jina ni binti yetu. Tumelea, sasa naolewa."

Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye shuka lake. "Binti gani?"

"Ile jina, mama. Ya kwa simu."

"Ah," akasema, akarudi kwenye korongo wake. Hakuuliza zaidi, nami sikumweleza. Nakumbuka nilimtazama binti yangu amelala kwenye mkeka, na nikaapa kwamba shemeji huyu hatakaa hata siku moja katika kikao chochote kinachomtaja mwanangu. Hasira ile ilikuwa tamu. Niliinywa kila siku kama chai.

Mwaka ukaisha. Msajili akaleta ujumbe: lipa. Shemeji alinijia chini ya rakuba na simu, mimi nakata bamia.

"Huyu nataka pesa ya mwaka ingine. Lakini jina naenda kwa mzee. Ni lazima?"

Nilikata bamia.

Akajijibu mwenyewe. "Ng'ombe ya mahari, ile imekwisha kuahidiwa watu, wewe nachanja ya nini? Wenyewe watachanja kwao." Akafuta ujumbe kwa kidole gumba.

Hivyo ndivyo watu wao hufanya. Ng'ombe akishatajwa mbele ya wakwe haongezewi dawa wala kamba mpya, mzigo wake ni wa wanakokwenda. Niliona kosa lake likiingia kwa miguu yake mwenyewe, na sikulizuia. Siku hiyo sikudanganya. Nilidanganya wiki tano baadaye, siku za huruma zikikaribia kuisha, alipofungua akaona maandishi mapya pale penye kibao chake cha kuuza.

"Shemeji, hii nasema nini?"

Ilisema muda wa jina umekwisha, mwenye jina awasiliane na msajili haraka.

"Matangazo tu," nikamwambia. "Wanataka kukuuzia kitu."

"Wezi hao," akasema.

"Wezi," nikasema.

Sasa nafika Rejaf, na hapa naandika polepole.

Kulikuwa na msichana huko, wa watu wa mashamba kando ya mto, shemeji alimtaka siku nyingi na wajomba zake walimfukuza mara mbili kwa sababu hakuwa na kitu. Na mzee wa Kanada mkononi, akarudi. Akaahidi ng'ombe. Wajomba wakataka mtu mzima wa kusimama na ahadi hiyo, na mume wangu yuko visimani, na baba mkwe alikufa ukimbizini. Akasimama mama mkwe. Nilikuwepo, nimebeba sufuria ya mchuzi na mtoto mgongoni. Yule mama alisimama mbele ya wanaume wa watu, akasema, "Ng'ombe wataletwa. Hii ni neno yangu mimi." Na alikuwa ameshatariza milaya ya bibi harusi, miezi miwili ya macho yake, tausi wanne, pindo refu kama mkono. Akaikabidhi siku ileile, kabla ya ng'ombe, kuonyesha kwamba hana wasiwasi.

Ningeweza kumvuta kando. Hatua nane kutoka niliposimama mpaka alipokuwa. Ningesema mama usiape, hakuna mzee, mzee ni mimi. Nilihesabu siku za ukombozi kichwani, nikaona zimebaki kumi na mbili, na nikagawa mchuzi.

Jina likaanguka siku ya Alhamisi. Wadakaji wakalidaka, na kwa bahati hakuna mwingine aliyeweka nafasi, mtu wa vitambaa alishakwenda zake, na nani mwingine duniani anamtaka mshona milaya wetu? Mwalimu wa kompyuta akageuza mashine kunielekea. Fomu ileile. Mwenye jina ni nani? Nikajiandika mimi, majina yangu matatu kama yalivyo kwenye cheti cha shule. Barua pepe yangu. Kufuli nikaweka, na nywila ambayo hata ukinichoma siisemi. Mwalimu akanipa mkono kama mwanamume. "Karibu kwenye daftari," akasema.

Mzee wa Kanada hakuandika tena. Shemeji alimngoja, akaniandikisha barua tano, ya mwisho ikiwa na adabu nyingi mno. Siku ya ng'ombe ikafika, akaenda Rejaf na mama yake na mikono mitupu. Mimi nilibaki, nikasema mtoto ana homa. Hakuwa na homa. Yaliyotokea nilisimuliwa na kila mtu, maana Rejaf si mbali na maneno yana miguu.

Mjomba mkubwa aliuliza ng'ombe wako wapi. Shemeji akatoa simu kuonyesha barua za khawaja. Mjomba akaipokea, akaigeuza, akaitikisa sikioni.

"Siwasikii wakilia," akasema. "Ng'ombe wako humu? Basi na binti tutamtuma kwa simu. Utamlalia hapo kwenye kioo."

Watu wakacheka mpaka watoto wakaja kuona. Na mama mkwe, ambaye neno lake lilikuwa limesimama pale, aliletewa ile milaya imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi ya msichana akamwambia, "Chukua, mama. Tusije tukadaiwa na sisi."

Walirudi mchana. Mimi nilikuwa nimewangoja kwa miezi mitatu na sikuweza kungoja hata wanywe maji. Nilimsogezea shemeji simu usoni.

"Soma. Soma kwa sauti."

Akasoma. Midomo ikitembea.

"Mwenye jina ni nani?" nikamuuliza. "Wewe uko nani sasa? Wewe hata si mtu wa kuleta pesa."

"Mzee amekuuzia wewe?"

"Mimi ndiye mzee! Mgongo ulioumwa ni wangu! Zile barua za adabu, za bila adabu, zote ni mimi. Ulilala, siku za huruma zikapita, siku za ukombozi zikapita. Unajua hizo ni nini? Hukuona kwenye video?" Nilimfundisha yote. Nilimfundisha kama alivyonifundisha, kwa kucheka, neno kwa neno, kufuli, neno la siri, kudaka, mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Hakunitukana. Alishika kichwa chake. Nilikuwa nimetaka sana anitukane.

"Na mimi niko wapi?"

Alikuwa mama mkwe, mlangoni pa tukuli yake, kile kibanda chake cha nyasi, ule mfuko wa plastiki bado mkononi.

"Mama?"

"Hiyo daftari ya majina. Kwanza alikuwa huyu. Sasa iko wewe. Jina ni ya nani?"

Akanigeukia mimi.

"Ulikuwa unajua, siku ile ya Rejaf, mimi nasimama?"

Ningeweza kudanganya, mazoezi nilikuwa nayo. "Nilijua, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa. Kesho yake alihamia Gumbo kwa wanawake wake.

Basi nikawa mwenye jina. Nilirudisha kibao mahali pake, korongo wakatokea, wateja wakarudi, yule wa Australia akaagiza mashuka mawili. Nikatuma ujumbe Gumbo. Hakikuja kitu. Nikatuma boda na uzi. Uzi ukarudi. Wiki ya nne nilikuwa na jina lenye kufuli mbili na duka lisilo na shuka hata moja la kuuza, na shemeji aliyekaa chini ya rakuba hanisemeshi, na miguu yake michafu.

Nilivuka daraja na mtoto. Walikuwa kumi na mmoja wamekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, kando ya barabara ya Nimule, kila mmoja na kona yake ya kitambaa. Mama mkwe alimpokea mtoto, akamweka mapajani, akampa kibonge cha uzi. Mimi hakuniambia nikae.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ziko nyingi, hata barabarani ziko. Yule mwalimu wako nilimwita hapa, amenieleza hiyo maneno yote. Jina hainunuliwi. Nakodishwa."

"Ndiyo, mama."

"Kila mwaka nalipa."

"Ndiyo."

"Unalipa nani? Huyo msajili alinizaa? Alikuwa pale natobolewa masikio kwa sindano, nalia, napewa jina langu?" Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi ndio msajili. Utalipa kwangu, kila mwaka, siku kama ya leo. Pesa sitaki. Utakuja hapa, utasimama hapo ulipo, utataja jina langu mbele ya hawa wanawake, na useme uliichukua bila kuniuliza, na uliniacha nisimame Rejaf. Ukisema, shuka zitakuja."

"Mama, jina lako siwezi. Ni mwiko."

"Mwiko?" Ndipo akacheka, kicheko kibaya, kifupi. "Umeuza kwa Australia. Umeuza kwa Kanada. Hapa Gumbo ndio imekuwa mwiko?"

"Na nisipokuja mwaka mmoja? Mtoto akiwa mgonjwa?" Niliuliza kijinga, kama mteja. "Siku za huruma ni ngapi?"

"Kwa msajili wako iko siku mingapi?"

"Kama arobaini na tano."

"Kwangu hakuna."

Wanawake waliweka sindano chini. Malori ya Nimule yalikuwa yanapita, nikangoja moja lipite ili kelele zake zinifunike, likapita nikiwa bado nimefumba mdomo. Nilifungua mdomo. Nikalitaja. Kwa sauti ya chini, lakini nililitaja lote, kisha nikasema niliyoyafanya, yote mawili. Mwanamke mmoja mzee akaziba masikio. Mwingine akatema pembeni. Binti yangu, aliyekuwa hajawahi kusikia neno hilo likitoka kwangu, alilipenda papo hapo. Akalirudia. Akaliimba, anapiga kibonge cha uzi kwenye goti la bibi yake, tena na tena, wala hakuna aliyemkataza.

Mama mkwe aliokota sindano yake, akatafuta tundu alipoachia.

"Mwaka huu nimekubali," akasema. "Mwaka ujao useme kwa nguvu. Huyu mama mwenye kuziba masikio hakusikia."